Gauni la Kijani la Nyanzala

Jumamosi watoto wengine wa darasa la sita hulala mpaka jua liingie dirishani. Mimi sivyo. Mama yangu anauza mitumba soko la Kashaulili, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi tunakuwa barabarani kutoka Magamba, yeye anasukuma baiskeli yenye mzigo, mimi nimebeba chupa ya chai. Tukifika tunawasalimia majirani, tunafuta meza na kupanga nguo. Kazi hiyo naijua tangu nikiwa darasa la pili, na pale mezani nilijiona mtu mkubwa.

Mwaka huu mama akaanza kumwita Nyanzala aje mezani kwetu.

Nyanzala ni jirani yetu. Tunasoma darasa moja, na anaishi na bibi yake anayelima karanga. Siku moja walikuja sokoni kutafuta sweta. Nyanzala akashika sketi iliyokuwa mezani, akamwambia mama kwa upole kwamba kwenye upindo kulikuwa na tundu la pasi. Mama hakuwa ameliona, wala mimi. Tangu hapo, kila siku ya kufungua belo jipya, yaani robota la mitumba, mama alimwomba bibi amruhusu Nyanzala aje kutusaidia kukagua nguo.

"Huyu mtoto ana jicho," mama alimwambia kila mteja. Ana jicho! Na mimi niliyeamka alfajiri miaka yote hiyo, nilikuwa na nini, pua? Nisiwafiche, nilimwonea wivu mpaka chai ikawa chungu mdomoni. Akicheka na mama, nilinuna. Akisifiwa, nilijifanya natafuta kitu chini ya meza.

Jumamosi moja tulifungua belo la nguo za watoto. Mama ana utaratibu wake. Akishakata kamba, hakuna mteja anayeruhusiwa kuvuta nguo. Yeye mwenyewe huinua moja moja, huigeuza mbele na nyuma ili watu waione, kisha hutaja bei. Katikati ya belo aliinua gauni la kijani lenye kola nyeupe, jipya kama la dukani. Hakutaja bei yake. Alilikunja, akaliweka chini ya meza juu ya kigoda.

Nyanzala alikuwa amekwenda kuchota maji. Mama akaninong'oneza kwamba gauni lile ni la Nyanzala, kwa sababu alikuwa ametusaidia sana na kanisani huja na sketi ya shule kila Jumapili. Angempa jioni tukifunga. "Usimwambie," akasema. "Nataka nimshtukize."

Gauni lenyewe lisingenitosha. Mabega yangu ni mapana, na kabatini nilikuwa na magauni matatu. Lakini roho iliniuma vilevile. Mama alipogeuka kumhudumia mteja, nililichukua gauni nikalisukumiza chini kabisa ya kiroba cha nguo za parokia.

Kiroba hicho nikieleze. Kila belo likiisha, nguo zilizobaki ambazo bado ni nzima mama huzifua na kuzipeleka parokiani. Kule akina mama wana chumba cha nguo, wanaziuza kwa bei ya chini sana kwa watu wasio na uwezo, na kinachopatikana hununuliwa sabuni za wagonjwa. Kwa kawaida kiroba hulala nyumbani siku mbili tatu. Nilipanga nilitoe gauni usiku huo na kulificha. Kumbe siku hiyo Mama Alois wa parokiani alipita sokoni na baiskeli, akasema chumba chao kimeishiwa nguo. Mama akamwomba radhi kwamba hajazifua, akamkabidhi kiroba. Nilikitazama kiroba kikiondoka naye.

Jioni mama aliinama chini ya meza, akainuka mikono mitupu. Alingoja mpaka Nyanzala alipoaga na kuondoka. Ndipo akaniuliza. Nikajibu kwamba nilimwona Nyanzala akishikashika vitu pale chini. Neno lilinitoka kirahisi mpaka mwenyewe nikashangaa. Josefina, anayeuza viatu meza ya pili, alikuwa anasikiliza. Akasema lisemwalo lipo, na watoto wapole ndio wa kuogopwa.

Jumamosi iliyofuata Nyanzala alikuja kama kawaida. Mama alimwambia hakuna kazi. Nyanzala akaangalia mikono yake, akaenda zake. Nilifurahi, sitasema uongo tena. Meza ilikuwa yangu na mama alikuwa wangu. Ila siku nzima mama hakucheka hata mara moja, na nguo mbili zilirudishwa na wateja kwa sababu hatukuona zilipochanika.

Kesho yake, Jumapili, tulikuwa tunatoka misa ya kwanza nilipomwona Nyanzala akishuka ngazi za kanisa na bibi yake. Alikuwa amevaa gauni la kijani lenye kola nyeupe. Lilimkaa vizuri kweli, na watu walikuwa wanageuka kumtazama. Wivu ukanipanda, halafu papo hapo hofu ikaja juu yake.

Mama naye aliliona. Akawasogelea, akamwamkia bibi, kisha akauliza kwa sauti ya chini gauni lile limetoka wapi.

"Nimelinunua jana kwenye chumba cha nguo," bibi akajibu. "Mjukuu wangu alikuwa analia hataki kusema kwa nini, nikaona nimfariji."

Mama akasema taratibu kwamba hakuwahi kulipeleka gauni lile parokiani, lilikuwa chini ya meza yake likapotea. Mama Alois hakuwepo kwenye misa ile, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza. Josefina akadakia kwa sauti iliyosikika mpaka langoni. "Basi limetembea lenyewe kwa miguu."

Watu wakasimama. Nyanzala alimwomba bibi kitenge alichojitanda, akajifunga, akaanza kufungua vifungo vya gauni ili alirudishe, pale pale mbele ya waumini wote. Bibi alikuwa anamzuia huku machozi yanamtoka.

Kama ningenyamaza, mambo yangeishia hapo. Yeye angekuwa mwizi, na mimi ningekuwa mtoto pekee wa mama pale mezani. Nilichokuwa nakitaka wiki zote zile kilikuwa mbele yangu, na sikuweza kukitazama.

"Mama, ni mimi," nikasema. "Nililitia kwenye kiroba. Nyanzala hakugusa kitu."

Nilitegemea kofi. Mama hakunipiga. Alipiga magoti kwenye mchanga, na nguo yake ya Jumapili, mbele ya bibi na mbele ya mtoto wa rika langu.

"Nimemdhania mtoto wako vibaya, bibi. Nimemfukuza mezani kwangu bila hata kumuuliza. Naomba mnisamehe."

Bibi alimshika mkono, akamwambia inuka mwanangu. Mimi nilisimama nikimwangalia mama yangu akiwa magotini kwa uongo wangu, na natamani hata leo angenipiga tu.

Jumatatu baada ya shule mama alinipeleka sokoni. Alinipitisha meza moja baada ya nyingine, kuanzia kwa Josefina, na kila mahali nilisema kwa mdomo wangu nilichofanya. Meza ziko ishirini na sita. Josefina alitazama viatu vyake mpaka nikamaliza.

Nyanzala hakurudi Jumamosi ile, wala iliyofuata. Nilikwenda kwao mara tatu kumwomba. Mara ya tatu aliniuliza swali moja tu, kama nilimchukia. Nikamwambia hapana, nilikuwa nataka mama anisifu mimi. Akasema na yeye hutamani kuwa na mama wa kumsifu. Hilo sikuwa nimeliwaza hata siku moja.

Alirudi mwisho wa mwezi, tulipofungua belo la mashati. Mama akamsifu tena, na siwadanganyi, roho ilinichoma kidogo. Lakini nilimsogezea Nyanzala kigoda, nikamwomba anifundishe anavyokagua mishono. Tulipokuwa tunafunga, mama akatuita wote wawili.

"Wivu kila mtu anao, Restituta, hata mimi," akasema. "Ukikushika, njoo uniambie, usimbebeshe mwenzako. Gauni likipotea nitafungua belo jingine nipate gauni lingine. Jina la mtoto wa watu likipotea, belo la kulitafuta nitalinunua wapi?"