Pipa la Kushoto

Duka la vifaa vya mabomba lilikuwa limefurika hadi mlangoni. Mafundi walinyoosha mikono juu ya vichwa vya wenzao, kila mmoja akitaja kipimo chake, na muuzaji, kalamu sikioni, alimhudumia aliyepaza sauti zaidi. Katikati ya purukushani hiyo alisimama binti mmoja wa ovaroli ya kijivu, kitambaa cha njano kichwani, buti za mpira miguuni, na mguu wake wa kulia ukicheza wenyewe kama unaosikia muziki peke yake. Subira hakuwa nayo, na hakuwahi kuwa nayo. Mama yake alipenda kusimulia kwamba hata kuzaliwa alizaliwa kabla ya mwezi wake, akaikuta nyumba haina hata kitanda cha mtoto.

"Elbo ya inchi mbili," alisema, na papo hapo sauti ya kiume ubavuni mwake ikasema, "Elbo ya inchi mbili."

Muuzaji aliweka moja, kiungo cha bomba kilichopinda kama kiwiko, juu ya kaunta. "Imebaki hii tu. Mnagombana au mnaoana?"

Watu wakacheka. Binti aligeuka, akamwona kijana mrefu aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Usafi ule haukuwa wa duka lile.

"Ya nini kwako?" binti aliuliza.

"Sinki la kazini linavuja. Na kwako?"

"Ninajenga bahari."

Kijana alimtazama kuona kama anataniwa. Kisha akaisukuma ile elbo upande wake. "Chukua. Sinki litavumilia ndoo siku mbili. Bahari nadhani haivumilii."

Aliichukua, akalipa, akatoka mbio. Alifika kona ya pili ndipo alipokumbuka kwamba hakusema asante. Akajiambia kwamba shukrani alikuwa nayo moyoni, na yule mtu bila shaka aliiona. Ndivyo alivyokuwa. Kilichokuwa wazi kichwani mwake alidhani kimeandikwa usoni.

Bahari yenyewe ilikuwa tangi la kioo refu kuliko gari dogo, lililotakiwa kusimama katika ukumbi wa kliniki ya meno ya watoto. Daktari, mama mmoja mkavu wa maneno, aliwataka watoto wanaosubiri watazame mwamba wa matumbawe na samaki wake badala ya kusikiliza mashine ya kutoboa meno. Ilikuwa kazi ya kwanza ya binti huyu akiwa peke yake. Tangu amalize chuo alikuwa nyuma ya kaunta ya mjomba wake, akiuza samaki wadogo wa bakuli, na siku aliyoaga, mjomba alimwambia bila hasira, "Nenda. Likifa hilo tangi, rudi. Kaunta yako nakuwekea." Afadhali angemtukana. Ile kaunta iliyowekwa ilimsumbua kuliko tusi lolote.

Jumatatu aliingia klinikini na mzigo wake wa mabomba, na aliyesimama nyuma ya meza ya mapokezi alikuwa yule mwenye shati la mikunjo.

"Karibu," alisema kijana, bila kutabasamu. "Unaona ndoo hiyo chini ya sinki? Ni wewe hiyo."

Kuanzia siku hiyo kliniki nzima ilimwita binti Fundi, naye akamwita kijana Mapokezi.

Alifanya kazi kama anayefukuzwa. Alipanga mawe, akatandika mchanga, akajaza maji na chumvi yake, akaunganisha bomba lililoyashusha maji hadi kabati la chini na pampu iliyoyarudisha juu. Asubuhi moja, ukumbi umejaa wazazi, umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza, na bomba la kurudishia, ambalo mdomo wake ulikuwa umezama mno tangini, likaanza kuyanyonya maji kinyumenyume. Kabati likajaa, likamwagika. Kina mama walipandisha miguu vitini. Mtoto mmoja alipiga makofi.

Fundi alipiga magoti akiziba kwa mikono kisichozibika. Alipoinua kichwa, Mapokezi alikuwa amekunja suruali yake ya pasi mpaka magotini, amelishika dekio.

"Ningetoboa kitundu hapa juu ya bomba," Fundi alisema, "hewa ingeingia, maji yangekoma."

"Kwa nini hukutoboa?"

"Nilikuwa na haraka."

"Sasa tunaogelea kwa haraka," alisema Mapokezi, na Fundi, aliyekuwa karibu kulia, alicheka mpaka akakaa kwenye maji.

Kitundu kilitobolewa. Lakini samaki wawili wa kwanza aliwatia tangini mapema mno, maji yakiwa bado machanga, bakteria wa kuyasafisha hawajakua, na asubuhi aliwakuta wamelala ubavu. Aliwazika kwenye chungu cha ua la mapokezi huku Mapokezi amesimama kando, mikono nyuma, kama mtu wa familia. Baada ya hapo alijilazimisha kungoja wiki nyingi mbele ya tangi lenye mawe matupu, akipima maji asubuhi, mchana na jioni, akizunguka ukumbi kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mapokezi alikuwa akimvuta kwa mkono wa ovaroli, akimkalisha, akimpa mkate.

"Umenihifadhi kwa jina gani kwenye simu yako?" alimwuliza mchana mmoja.

"Mapokezi."

"Mpaka leo? Nimekushika mkono sinema nzima, bado mimi ni Mapokezi?"

"Si ndipo ulipo?"

Aliangua kicheko, kisha akawa mzito kidogo. "Mimi nakupenda, Fundi."

Moyo wa Fundi uliruka kama samaki aliyeguswa. Alikuwa na mengi ya kujibu. "Haya," alisema.

"Haya ni jibu la mtu aliyeambiwa chakula kiko mezani."

"Si unajua lakini."

"Nakisia," alisema Mapokezi.

Maji yakakomaa. Samaki wa rangi ya chungwa waliingia wakatulia, matumbawe yakashika mawe na kufunguka kama viganja. Daktari alipita, akasimama, akasema, "Mh," na kwa Daktari hiyo ilikuwa hotuba. Siku ya ufunguzi wa ukumbi ikapangwa.

Ndipo dada yake Fundi alipojifungua, uzazi ukawa mgumu, na mama akapiga simu kwamba anamhitaji nyumbani. Fundi aliondoka na mfuko mmoja. Basi lilikuwa tayari linatoka kituoni alipompigia Mapokezi.

"Mpenzi, joto ni kali, maji yanapungua kwa kukauka. Yakishuka chini ya ule mstari kwenye kioo, wewe ongeza."

"Naongeza tu?"

"Unaongeza tu. Mapipa yako stoo. Nakata, kelele nyingi."

Stoo kulikuwa na mapipa mawili ya bluu, yanayofanana kama mapacha.

Kila jioni Fundi alipiga simu. "Nimewanywesha watoto wako," Mapokezi alimwambia. "Wanakula vizuri. Yule mdogo ana jeuri kama wewe." Fundi, amempakata mtoto wa dada yake, alicheka na kulala vizuri kwa mara ya kwanza katika miezi. Siku za mwisho Mapokezi alisema samaki wamekuwa wapole, hawana mbio. Fundi alisikia neno wapole akaona ni habari njema.

Aliporudi hakushusha hata mfuko begani. Matumbawe yote yalikuwa yamejikunja ngumi. Samaki walielea karibu na uso wa maji, wanahema. Alitia tone kwenye kipima chumvi, akatazama, akafuta, akatia lingine. Kisha akaenda stoo. Pipa la kushoto lilikuwa limejaa vilevile. La kulia lilibaki matone.

"Umewapa maji ya pipa gani?"

Mapokezi aliinuka mezani. "La kulia. Nilionja yote mawili. Wale ni samaki wa bahari, nikawapa maji ya bahari."

"Chumvi haikauki! Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Unaongeza maji matamu, matamu peke yake. Wewe kila siku umekuwa ukitia chumvi juu ya chumvi. Hilo kila mtu analijua."

"Kila mtu nani?"

"Umeniulia tangi." Sauti yake ilijaa ukumbi. Wazazi walitazama viatu vyao. "Ondoka mbele yangu."

"Niondoke niende wapi, Fundi," alisema taratibu. "Hapa ndipo meza yangu ilipo."

Lakini aliondoka. Alimwomba Daktari ampeleke tawi la pili, upande mwingine wa mji, na kesho yake mezani alikaa mtu mwingine aliyetafuna ubani.

Fundi alilibeba pipa la kushoto mpaka ukingoni mwa tangi. Mikono yake yote ilimwambia alimwage lote mara moja, amalize. Kisha macho yakaangukia kile chungu cha ua, na wale wawili waliozikwa humo. Akaliteremsha pipa. Alikaa sakafuni, mguu ukicheza, akampigia mtu ambaye yeye mwenyewe aliapa hatampigia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Limekufa?"

"Bado. Chumvi imepanda. Nikishusha ghafla nitawaua, sivyo?"

"Utawaua. Shusha kidogo leo, kidogo kesho. Wiki na zaidi. Nani aliipandisha?"

Akamsimulia, akimlaumu Mapokezi tangu mwanzo hadi mwisho. Mjomba alisikiliza, akakohoa.

"Yale mapipa uliyaandika?"

"Hapana. Moja ni matamu, moja ni chumvi. Inajulikana."

"Inajulikana na nani?"

"Mimi..."

"Kichwani mwako mnaishi watu wangapi, mwanangu?" Hakuwa anacheka. "Ulimwambia aongeze maji. Kaongeza maji. Tena kwa akili yake kachagua yale ambayo mtu yeyote angechagua. Kumbuka wewe mwenyewe mwaka wako wa kwanza hapa dukani. Nani alikuambia? Mimi nilikuambia. Hukuzaliwa unajua."

Fundi aliikata simu akiwa na joto masikioni. Siku hiyo alitoa kopo moja la maji ya chumvi, akatia moja la maji matamu. Kesho yake vivyo hivyo. Kati ya kopo na kopo alimpigia Mapokezi, na simu iliita mpaka ikachoka.

Siku ya nne alivua ovaroli, akavaa gauni la kijani ambalo dada yake alimpa kwa nguvu, akapanda basi mpaka tawi la pili. Akachukua namba. Akakaa kwenye foleni kati ya watoto wenye mashavu yaliyovimba, mguu ukigonga sakafu mpaka mtoto wa jirani akaanza kuuiga. Namba yake ikaitwa.

Mapokezi hakuinua macho. "Jina la mgonjwa?"

"Fundi."

Kalamu ikasimama. "Jino gani?"

"Si jino. Ni mdomo."

"Mdomo una nini?"

"Haufunguki kwa wakati." Nyuma yake foleni nzima ilitega sikio. "Sikukwambia pipa gani. Nilikuachia ukisie, halafu nikakutukana kwa kukisia. Na ile elbo, siku ile dukani, sikukushukuru. Asante."

"Ile elbo?" Aliinua macho. Yalikuwa mekundu kidogo, na shati, kwa mara ya kwanza, lilikuwa na kunyanzi. "Uliniita muuaji mbele ya watu."

"Ndiyo. Ndiyo maana nimekuja mbele ya watu."

"Samaki?"

"Wako hai. Nashusha chumvi kidogo kidogo."

Mapokezi aliigeuzageuza kalamu. "Sijui kama moyo wangu unarudi leo, Fundi."

"Sikusema leo." Na yeye mwenyewe alishangaa kusikia kwamba anamaanisha.

Alimpigia kila jioni, akamsomea vipimo. Mara ya kwanza Mapokezi alisema "Sawa" akakata. Mara ya pili aliuliza habari za yule mdogo mwenye jeuri. Jioni nyingine alikaa kwenye simu, wakisikilizana wanavyokula. Kisha asubuhi moja tumbawe la pembeni lilifungua kidole kimoja, na Fundi alipogeuka kutafuta wa kumwonyesha, mezani alikuwa amekaa mwenye shati la pasi.

"Nimeambiwa hapa kuna sinki linavuja," alisema.

Siku ya ufunguzi watoto walibandika pua kwenye kioo, na hakuna aliyesikia mashine. Daktari alisema "Mh" mara mbili. Mjomba alipotumiwa picha alijibu: "Kaunta nimempa mtu."

Wiki chache baadaye, Jumamosi, Fundi alikuwa nyumbani kwa mama, amesimama dirishani, simu sikioni.

"Shuka kituo cha mwisho," alikuwa akisema. "Si cha kabla yake, kile chenye duka la rangi, ni cha mwisho. Pita kushoto. Mlango wa kijani. Kuna milango miwili ya kijani, wa kwetu una kitasa kilicholegea, usikivute, kitakubakia mkononi. Mama atakuuliza kama umekula. Sema hujala, hata kama umekula. Dada atakupa mtoto, mshike kichwa. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Umesahau kitu kimoja."

"Nini?"

"Hujaniambia nakuja kufanya nini."

Fundi alitazama barabarani. "Si unajua."

"Sijui. Mara ya mwisho kudhani najua nilitia chumvi."

Jikoni mama yake aliacha kugonganisha sufuria. Fundi alitazama chini, akaona mguu wake wa kulia umetulia sakafuni kama mguu wa mtu mwingine.

"Unakuja kuniomba kwa mama," alisema. "Kwa sababu nakupenda, na nataka unioe, na nataka tuzeeke tukigombania dekio. Umesikia?"

Upande wa pili kulikuwa na honi, na sauti za watu wanaoteremka.

"Nimesikia," alisema Mapokezi. "Ila rudia taratibu. Nataka nihakikishe ni pipa la kushoto."

Fundi akarudia, neno kwa neno.