Aliyezikwa kwa Mdomo

Mke wa mzee mmoja alikuwa hai, nami nilijua, lakini niliapa mbele ya afisa nikasema amekufa. Naanza na hilo, Mungu asije akaona nimelificha katikati ya maneno mengine.

Kazi yangu ni ukalimani katika ofisi ya uhamiaji. Shule sikufika mbali, lugha nilizipata kwa kuhangaika na dunia. Mkalimani hasemi "huyu mzee anasema hivi na hivi." Anauvaa mdomo wa mwenye shida. Mzee akisema "naumwa mgongo," na mimi nasema "naumwa mgongo," afisa anamtazama yeye, mimi hanioni. Na kabla ya kuanza tunaapa kusema kweli wote wawili, mimi na mwenye shida.

Mzee mwenyewe tulimwita Mzee Lifti, maana ujana wake wote aliumalizia kutengeneza lifti za maghorofa katika nchi hii ya ugenini. Alipostaafu, kibali cha kazi kilikwisha, ikabidi aombe kibali cha mstaafu. Pensheni yake ilitosha masharti ya mtu mmoja tu. Mwenye mke anatakiwa aonyeshe kipato kikubwa zaidi, naye hakuwa nacho. Binti yake na wajukuu walikuwa wakiishi katika jengo lilelile alilokaa yeye, ghorofa ya chini. Kwao alikotoka hakubaki mtu wa kumfungulia mlango.

"Una mke?" afisa aliuliza.

Mzee alinitazama mimi kwanza. "Nilikuwa naye," akasema. "Amefariki."

Asubuhi ile ile mkewe alikuwa amenipigia simu, ananiomba nimkumbushe mumewe dawa ya presha. "Ukimwachia mwenyewe ataimeza wiki ijayo," alisema, akacheka. Nikasema kwa lugha ya afisa: "Mke wangu amefariki." Muhuri ukagongwa. Tulipotoka nje mzee hakusema asante, nami sikuingoja. Kwenye karatasi mkewe angeendelea kuhesabiwa mgeni wa binti yake, na hakuambiwa neno.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mzee mwenyewe, tukiwa kwenye foleni ya kurudi kwa afisa yuleyule, na aibu imemfanya aongee huku akitazama viatu.

Lilianza jambo dogo. Mkewe alirudi kutoka dukani, akaingia kwenye lifti, mlango ukambana bega.

"Lifti yako siku hizi haina adabu," alimwambia mumewe.

"Jicho lake litakuwa na vumbi."

Mlango wa lifti una jicho; likiona mtu amesimama kati, mlango unarudi nyuma. Mzee alilifuta kwa kitambaa, akapitisha mkono, mlango ukarudi. Akapitisha mwavuli, ukarudi. Paka wa jirani akakatiza, ukarudi. Akamwambia mkewe apite. Mlango ukaja moja kwa moja, kama hakuna mtu.

"Naona nimekonda," mkewe alisema, akajichekea.

Mzee hakucheka. Alikuwa ameyatengeneza macho yale miaka mingi, na hakuna siku yalipomdanganya.

Baada ya hapo muuza duka akawa anamruka mama yule kwenye foleni, anamhudumia aliye nyuma yake. Wajukuu wakaja, wakamsalimia babu yao, wakaketi, mdogo akauliza bibi yuko wapi, na bibi ameketi hapohapo akimmenyea chungwa. Sauti yake ikaanza kufifia. Mikono yake ikawa ya baridi, hata akishika kikombe cha chai haipati joto.

Alasiri moja mkewe alilala kwenye kochi sebuleni, amejifunika khanga, na mzee ameketi karibu yake akihesabu pumzi zake. Akasikia maji bafuni. Kwanza alidhani bomba linavuja, akanyanyuka alifunge, lakini kadiri alivyokaribia ndivyo alivyoyatambua maji yale, maana hayakuwa yakidondoka bali yakimiminwa kwa kopo, polepole, upande wa kulia kisha upande wa kushoto, kama yeye mwenyewe alivyommiminia marehemu baba yake siku ya kumwosha, na chini ya mlango ikapita harufu ya karafuu maiti iliyomshika kooni, na alipousukuma mlango hakuona mtu, ila nyayo zilizolowa zikitoka sakafuni pale, zikimpita yeye miguuni bila kumgusa, zikielekea chumbani, akazifuata huku akisoma kila aya iliyomjia na kuzichanganya zote, mpaka akaona kitandani, upande anaolala mkewe, shuka jeupe limeinuka kwa umbo la mtu.

"Mume wangu," shuka lilisema kwa sauti ya mkewe, ile sauti nzima ya zamani. "Yule sebuleni ni nani?"

Mzee alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Marehemu wako ni mimi. Umeniita kwa kiapo, nimekuja. Mwambie yule aninyanyukie nafasi yangu."

Binti alimwita ustadhi. Alikuja amefunga shingo kwa skafu, mafua yamemkaba, akasoma hadi sauti ikamkauka. Nyumba ilitulia kwa muda wa kunywa maji. Kisha harufu ikarudi, nzito kuliko mwanzo.

"Mzee," ustadhi alisema kwa kunong'ona, "hapa nani amefiwa?"

"Hakuna."

"Yupo. Majini wengi huvunja mlango. Huyu amekaribishwa, na anadai yeye ni maiti wa nyumba hii. Sema, kabla mama huyu hajamwachia nafasi."

Mzee alisema, mbele ya mkewe na binti yake, akitazama zulia. Binti alifunika uso.

"Yaani umeniua kwa ajili ya muhuri," mkewe alisema.

"Nisamehe, mama watoto."

"Na mazishi ulinifanyia, au uliniacha hivyohivyo kwenye kaunta?" Alijaribu kucheka, pumzi haikutosha. "Nenda kanifufue."

"Watatufukuza."

"Watufukuze wawili. Sitaki ubaki hapa na yule."

Ustadhi akaongeza: "Kisomo changu kinamtoa, kiapo kinamrudisha. Kila mdomo ulioapa uende ukakanushe palepale uliposemea."

Hilo la mwisho mzee alilirudia mbele yangu kwenye foleni, taratibu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi. Nilijifanya natafuta kalamu.

Tulipofika dirishani mzee alivua kofia. "Niliapa uongo," alisema, machozi yakimshuka. "Mke wangu yu hai. Nilimuua kwa maneno ili nibaki hapa. Nifukuzeni mkitaka."

Afisa akaningoja. Nami nikafikiri: nikisema "niliapa uongo," ataniuliza, na wewe mkalimani, ulijua? Nikaiona leseni yangu ikichanwa. Nikasema: "Kulikuwa na kosa la uandishi kwenye taarifa za ndoa. Naomba lisahihishwe."

Afisa alipiga miayo. Akaagiza waje na cheti cha ndoa, ombi litazamwe upya.

"Hakunikaripia?" mzee aliuliza.

"Amekuelewa," nikamwambia.

Aliubusu mkono wangu. Sijawahi kuona haya kama siku ile, na bado sikusema kitu.

Mkewe alinipigia simu jioni, sauti imerudi, nyumba haina harufu, lifti imemwekea mlango kama malkia. Hawajui bado kama watapewa kibali. Ameshaanza kufunga mizigo, akisema safari hii anasafiri akiwa mzima. Nilifurahi kwa ajili yake, Mungu ni shahidi.

Yule mzee alikanusha kwa mdomo wake. Mdomo wangu, uliosema "mke wangu amefariki," haujakanusha.

Jana jirani yetu alibisha hodi, yeye na wanawe, wamevaa nguo za heshima. Mke wangu ndiye aliyewafungulia. Wakampita mlangoni bila salamu, wakaja hadi nilipoketi, jirani akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Tumesikia leo."

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yao. Aliniangalia mimi, akaangalia mikono yake mwenyewe, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo niliyoisikia peke yangu, "Baba, nani amekufa?"

Sijamjibu. Kesho ofisi inafunguliwa asubuhi, na najijua, nikifika getini nitapata sababu ya kurudi. Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, nakuomba unisindikize hadi dirishani, usimame nyuma yangu, usiniache nigeuke mpaka nimesema.