Hadithi ya Bibi Gitla Haikuwa Yako

"Usinishike!"

Tirza aliuvuta mkono wake, akavaa koti kwa pupa mpaka kitufe kimoja kikadondoka sakafuni. Nyuma ya mlango, ukumbi wa chuo pale Frankfurt ulikuwa bado unarindima makofi. Wageni waheshimiwa wa wizara walikuwa wamesimama, na aliyekuwa akipigiwa makofi ni Henning, ambaye sasa alikuwa amesimama mbele ya mpenzi wake kama mwizi aliyekamatwa na kuku kwapani.

"Tirza, sikutaja jina."

"Hukutaja jina! Umetaja dada wawili kutoka Poland waliosalia peke yao katika ukoo mzima. Umetaja kambi ya wakimbizi. Umesema mkubwa alibaki Ujerumani kwa ajili ya dereva wa tramu, akamdanganya mdogo wake kwamba yeye mwenyewe ana mapafu mabovu yasiyoweza safari ya kuhama. Ulibakisha nini, namba ya kiatu?"

"Nilikuwa naeleza jinsi Wayahudi waliobaki Ujerumani baada ya vita walivyobeba uhusiano wa Ujerumani na nchi ya Wayahudi kabla hata ya mabalozi. Hadithi ile ndiyo..."

"Ile si hadithi, Henning! Ni bibi yangu. Mimi nimeandika kitabu kizima juu ya Wayahudi waliobaki. Bibi hayumo hata kwa mstari mmoja. Ulidhani nilimsahau?"

Tirza alikuwa amemwambia siri ile jikoni kwake, akikatakata vitunguu, machozi yakimtoka, na wote wawili wakajifanya ni vitunguu. Alipokuwa akiandaa mhadhara, Henning alifikiria kumwomba ruhusa. Hakumwomba, kwa sababu alijua jibu. Hilo ndilo lililomchoma.

"Mhadhara unaonyeshwa mtandaoni," Tirza alisema, sauti imeshuka. "Yule dada mdogo, Perla, yupo Haifa. Yuko hai. Wajukuu zake wanasoma mambo haya haya tunayosoma sisi. Hukuwaza hata hilo?"

Akaondoka.

Perla hakuchelewa kujua. Mjukuu wake aliona, akamtafsiria, na bibi mzee akanyanyua simu. Henning aliyajua hayo kwa ujumbe mmoja tu:

*"Perla amempigia Bibi. Amemwita mwongo, akakata simu. Bibi hali chakula. Usije."*

Aliandika majibu, akayafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwishowe akatuma: *"Nisamehe."* Hakujibiwa.

Siku hiyohiyo akapigiwa na Daktari Volkmar Seidel, mzee mmoja wa wizarani mwenye sauti laini kama siagi.

"Bwana Henning, umetutoa machozi! Mwezi ujao kuna sherehe ya urafiki wa nchi zetu, Tel Aviv. Waziri anataka useme yaleyale, hasa ya wale dada wawili."

"Yule dada mdogo yuko hai, Daktari. Amejua kupitia mimi."

"Oo. Basi ni vizuri zaidi! Tunaweza kumwalika? Hebu fikiria picha ile."

Henning aliitazama simu kana kwamba imemng'ata. Alichosikia humo kilikuwa sauti yake mwenyewe, ila imevaa tai.

"Sitakwenda. Na ile video naomba iondolewe leo."

"Nafasi kama hii haibishi hodi mara mbili, kijana."

"Naelewa."

Alikata. Alitegemea moyo upungue uzito. Haukupungua.

Ijumaa mchana alipanda ngazi za nyumba ya Bibi Gitla, mtaa wa Bornheim. Tirza ndiye aliyefungua mlango, macho yamemvimba.

"Nilikuandikia usije."

"Nimekuja kwa Bibi. Akinifukuza, nitaondoka."

"Nani huyo?" sauti ikatoka jikoni. "Kama ni profesa, mwache apite. Nataka nimwone mtu anayenijua kuliko ninavyojijua."

Bibi Gitla alikuwa amekaa mezani, akimenya viazi. Uso ulikuwa mdogo, umekunjamana, ila macho yalikuwa makali kama ya kanga.

"Bibi, nimekuja kukuomba radhi."

"Bila shaka. Kuomba radhi mnajua sana nyie Wajerumani. Mna sanamu za kuombea radhi, mna siku zake, mna na wizara yake. Kuomba ruhusa, je? Hiyo mlifundishwa?"

"Hapana, Bibi. Yaani, niliijua. Nikaikwepa."

Kisu kikasimama.

"Angalau hilo ni kweli," alisema. "Keti. Menya."

Akamenya. Tirza alisimama dirishani, amewapa mgongo.

"Ewald aliniokota mvuani," Bibi alianza, bila kumwangalia mtu. "Nilipanda tramu sina tiketi. Akasema, kaa, nitazunguka tena. Tukazunguka mji mzima. Nimwambie nini Perla? Kwamba Wajerumani wametuulia mama, na mimi nimempenda mmoja wao? Nikasema ni mapafu. Kila mwaka mapafu. Watoto wanazaliwa, mapafu. Ewald anazikwa, bado mapafu. Uongo ule niliulea mimi, na kuuzika ilikuwa kazi yangu. Wewe umeufukua ukaupandisha jukwaani."

Machozi ya Henning yalidondokea viazi. Hakuyafuta, maana hakuona kama ana haki ya kuyafuta.

"Nifanye nini, Bibi?"

"Mpigie Perla. Hapa hapa. Simu yangu mimi hapokei."

Tirza akageuka. "Bibi, Perla haongei Kijerumani. Aliapa."

"Profesa amesoma Kiyidi, lugha yetu ya nyumbani. Amesoma kwa ajili yetu, si ndiyo? Basi leo akitumie."

Simu ilipokelewa, Henning akafungua spika. Kiyidi chake kilikuwa cha vitabuni, kinachechemea.

"Bibi Perla, naitwa Henning. Ni mimi niliyesema ukumbini. Sikuwa na haki. Dada yako hakunituma, wala hakujua."

"Mjerumani?"

"Ndiyo."

"Unaongea kama kabati la makumbusho." Pumzi nzito ikasikika. "Sikiliza. Unadhani nilikuwa mjinga? Nani anabaki Ujerumani kwa ajili ya mapafu? Nilijua kuna mwanaume. Nilijua tangu nikiwa msichana. Nilikuwa nasubiri aniambie mwenyewe. Nimesubiri mpaka nimezeeka. Halafu nakuja kuambiwa na wewe, mwenye kipaza sauti! Umeniibia, unanisikia? Neno lile lilikuwa langu."

"Nakusikia, Bibi."

"Yuko hapo?"

Bibi Gitla alishika ukingo wa meza. "Nipo, Perla."

Perla akauliza: "Vita ilimkuta wapi huyo mtu wako?"

"Jeshini. Norwei."

"Aliua?"

"Alisema hapana. Nikachagua kumwamini. Kila asubuhi nilichagua upya, Perla. Asubuhi nyingine nilishindwa."

Upande wa pili kulisikika kilio. Kisha, katikati ya kilio, sauti kama ya msichana:

"Alikuwa mzuri, angalau?"

"Mzuri wapi! Masikio kama milango ya kabati."

Tirza alimvuta Henning nje, akafunga mlango. Wakakaa kwenye ngazi, mmoja huku, mmoja kule.

"Umesamehewa na wale," alisema Tirza.

"Na wewe?"

"Kila nikitaka kukuambia kitu, nakiona kimeshapanda jukwaani. Sijui hilo litaisha lini."

"Nitasubiri."

"Sikukuomba usubiri." Lakini hakunyanyuka.

Tangu hapo dada wale waliongea kila Ijumaa, mpaka kifo kilipomchukua Bibi Gitla msimu wa baridi, akiwa usingizini. Walichelewa kuanza, na Henning alijua kwamba kuchelewa kule hakukuwa kosa lake, na kwamba hilo halikumtakasa.

Siku ya maziko, kwenye makaburi ya Wayahudi, alifika mwanamke mzee kwenye kiti cha magurudumu, aliyeapa kutokanyaga tena ardhi ya Ujerumani. Perla aliweka jiwe juu ya kaburi la dada yake, kama ilivyo desturi yao, akanong'ona, kisha akauliza:

"Na yule wa masikio yuko wapi?"

"Makaburi mengine, Bibi," alisema Tirza. "Hakuwa Myahudi."

"Nipelekeni."

Henning akashika kiti. Perla akageuza shingo, akamtazama juu mpaka chini.

"Ndiye wewe? Usije ukadhani ulifanya wema."

"Sidhani, Bibi. Sijawahi kudhani."

"Vizuri. Sasa nisukume."

Njia ilikuwa ya kokoto, magurudumu yakikwama. Tirza akaja upande wake, akaweka mkono juu ya mkono wa Henning. Wakasukuma pamoja.