Aliyeshika Stendi

Haya yalimpata Thobias, rafiki yangu mpiga picha wa Ngara. Alifika ufukweni mwa Ziwa Burigi peke yake, kungali giza, betri ya kamera ikiwa imebakiza chaji ya picha moja tu. Mguu mmoja wa stendi ya kamera ulikuwa umelegea, ukazidi kuzama mchangani.

"Shika hapo, mama Ineza," akasema kwa mazoea, akisahau kwamba mkewe walimzika kijijini Murukulazo mwezi uliopita.

Akasikia maji yakichuruzika karibu naye. Stendi ikatulia tuli.

"Asante," akanong'ona, machozi yakimlengalenga, akapiga picha yake.

Kulipokucha aliinama kuikunja stendi. Kwenye mguu ule mbovu kulikuwa na alama za tope, za vidole vya mkono mmoja, kila kidole kimeuzunguka mara tatu.