Neno Lisilo na Irabu

Kila jioni, jua likianza kuzama nyuma ya milima ya Kongo, Irène alipanda kigoda na kuishusha taa yao ya sola kutoka juu ya bati. Nguzo za umeme ziliishia kwenye barabara ya Kibenga, na nyumba yao ilikuwa mbali nazo. Taa hiyo ndogo aliitundika kwenye msumari mrefu karibu na dari, kama mama yake alivyotaka, ili kila mgeni aione. Kisha maswali yakaanza. Irène, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliuliza maswali mengi kuliko polisi: kwa nini ndagala, dagaa wa ziwani, hufuata mwanga? Kwa nini mbu nao hufuata?

Mama yake, Léocadie, mzaliwa wa Uvira kule Kongo, aliuza ndagala kavu sokoni asubuhi. Saa tisa mchana alikwenda kwenye kisomo cha watu wazima parokiani. Jumapili iliyofuata kila mwanafunzi angesoma ukurasa mmoja mbele ya wenzake, na ambaye angeshindwa angerudi kundi la kwanza, kuanza tena na a, e, i, o, u.

Jumatatu jioni Léocadie alifunga kitabu kwa kishindo. "Mi naacha. Macho yangu imezeeka. Herufi zinacheza tu."

Irène aliumia. Alijua mama yake alivyokipenda kitabu kile. "Na darasani, Mama, zinacheza?"

"Apana. Kule naona muzuri."

"Sasa, macho yanazeeka jioni tu, mchana yanarudi kuwa vijana?"

Mama alitaka kumkemea, akajikuta anacheka. "We mutoto! Unataka kusema ni taa?"

"Sijui. Tujaribu."

Kesho yake walichukua kitabu, wakaenda dukani kwa Mzee Sleiman, karibu na soko. Ukoo wake ulikuwa wa wafanyabiashara tangu enzi za babu yake, na hakuna mteja aliyetoka pale bila kutaniwa.

"Mzee, shikamoo. Tunataka taa ya wati nyingi," Léocadie alisema, maana hivyo ndivyo kila mtu alivyoomba taa.

Sleiman aliweka maboksi mawili ya taa za sola mezani. Moja lilikuwa kubwa, limeandikwa wati hamsini kwa rangi nyekundu. La pili lilikuwa dogo, la wati nne tu. Aliwasha taa ya boksi kubwa. Irène aliitazama moja kwa moja, akafumba macho mara moja.

"Inachoma macho! Hii ndiyo kali, Mama."

Lakini mama hakuwa akiitazama. Alikuwa ameshika boksi dogo, akifuata herufi kwa kidole kama alivyofundishwa. "Mia ine... l... m... Lm? Mzee Sleiman, hii neno iliandikwa mubaya. Haina irabu! Mwalimu alisema kila neno lazima iwe na a, e, i, o ao u."

Mzee alicheka mpaka akashika ubavu. "Wallahi, miaka makumi tatu niko nauza taa, hakuna mutu amewahi kuniuliza hiyo! Ni kifupi cha lumeni, mama. Lumeni ndiyo kipimo cha mwanga wenyewe. Wati inasema tu taa inakula umeme kiasi gani. Ampuli, zile balbu za zamani, yenye ilikula sana ilimulika sana, ndiyo maana watu wote bado wanauliza wati. Hizi za LED zinakula kidogo na kumulika sana."

"Kwa hiyo anayekula sana si lazima afanye kazi sana?" Irène aliuliza.

"Kama shemeji yangu," mzee alijibu.

Irène aligeuza boksi kubwa pande zote sita akitafuta l na m. Hazikuwepo.

"Basi tusinunue mbuzi kwenye gunia," Sleiman alisema. "Twendeni ndani ya stoo, kule giza. Na kitabu mulete."

Ndani ya stoo waliwasha taa ya wati hamsini kwanza. Ilitoa duara moja jeupe katikati ya ukurasa, na pembeni maneno yalipotea. Ya wati nne haikuumiza macho hata kidogo, lakini ukurasa mzima ulisomeka, mpaka nukta ya mwisho.

"Nilikuwa naangalia taa," Irène alisema, "kumbe nilipaswa kuangalia kitabu!"

Walinunua ile ndogo na kurudi nyumbani wakiwa na furaha. Irène aliitundika kwenye msumari ule ule karibu na dari. Mama alifungua kitabu, akakunja uso. Herufi zilikuwa zimefifia tena.

"Si nilisema? Ni macho."

Irène nusura alie. Halafu akakumbuka kwamba dari ya stoo ya mzee ilikuwa chini, na taa ilikuwa karibu na kitabu. Alifunga kamba kwenye msumari, akaishusha taa kidogo kidogo. Kila iliposhuka, ukurasa uling'aa zaidi. Ilipofika mkono mmoja juu ya meza, aliisogeza upande wa kushoto ili kivuli cha mkono wa mama kisizibe maneno.

"Na wageni wataonaje taa yangu?"

"Wageni hawasomi, Mama. We ndiye unasoma."

Léocadie alisoma jioni zote za wiki ile. Jumapili alisimama mbele ya wenzake, akasoma ukurasa wake wote. Akapigiwa makofi.

Jioni hiyo hiyo, akitafuta kitu kingine cha kusoma, alichukua daftari la Irène. Kidole chake kilisimama chini ya wino mwekundu wa mwalimu.

"'Irène ni... mwerevu, lakini a-na-pi-ga kelele darasani. Mzazi asome, atie sahihi.' Irène! Wiki iliyopita uliniambia mwalimu ameandika nini?"

Irène aliinama. "Nilikusomea, nikaishia kwenye 'mwerevu'."

Mama aliweka daftari mezani. Hakupaza sauti. "Taa muzuri haichagui kitu ya kuonyesha, mwanangu. Kesho utamuomba mwalimu musamaha. Na usikie: boksi inaweza kujisifu, mutu pia anaweza. Ulete kwanza kwenye mwanga, uangalie, ndipo uamini. Hata kama ni mimi nasema."

Kisha akaomba kalamu. Mahali alipokuwa akiweka alama ya msalaba, aliandika polepole herufi nane za jina lake. Irène aliona aibu, lakini hakuweza kuacha kutabasamu.