Vipande Viwili vya Fimbo

Jua lilikuwa limeshaegemea ubavu wa Mlima Hanang wakati Oliva anafika Mogitu kupiga picha fimbo ya marehemu. Alikuwa na simu yenye kamera nzuri, mfuko wa sukari wa kumpa mwenye nyumba, na vumbi la uwandani mpaka kwenye meno. Safari ya kawaida kabisa.

Kazi yake watu wa Katesh hawakuielewa, na wengine walimcheka waziwazi: mwanamke mzima anacheza na vikaragosi. Oliva na mdogo wake Bonaventura walikuwa wakitengeneza filamu ya katuni katika chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya kusaga. Oliva aliwaumba wahusika kwa waya na udongo, pamoja na kila kitu walichoshika: vibuyu, majembe, vigoda. Bona ndiye aliyewatembeza. Anasogeza mguu kidogo, anapiga picha, anausogeza tena, anapiga tena, mpaka picha zikiendeshwa haraka kikaragosi kinatembea chenyewe.

Sifa ya Oliva ilikuwa vitu. Aliamini mtazamaji anamjua mtu kwa kile alichoshika, kabla hajafungua mdomo. Mama mchoyo alimpa kibuyu chenye kizibo kilichofungwa kamba juu ya kamba. Mvivu alimpa jembe lenye mpini ambao haujaonja jasho. Lakini mzee katili wa filamu ile, waliyempa jina Sulle, alimshinda. Watu wa Arusha waliowapa kazi walirudisha picha za majaribio na maneno machache: huyu mzee hatishi, ameshika kijiti. Ilimuuma, kwa sababu ilikuwa kweli.

Ndipo Gidahosh, mfugaji wa Kibarabaigi aliyekuwa akiwauzia maziwa, akamwambia kuwa mama yake anatunza fimbo ambayo watu wa Mogitu hawapendi hata kuizungumzia.

"Shikamoo, bibi," Oliva alisema akiinama mlangoni.

"Marahaba. Wewe ndiye wa fimbo?"

Mama Gidahosh alikuwa mwembamba, mgongo umepinda, na taya lake la kushoto lilikaa vibaya, kama taya lililowahi kuvunjika likaachwa lijiunge lenyewe. Alichomoa kitu kilichoviringishwa kwenye ngozi, akakifungua polepole. Ndani kulikuwa na kipande cha mti mweusi chenye rungu juu, kimepakwa samadi pale kilipokatikia. Kilinuka samli iliyochacha, moshi, na harufu nyingine ya chuma ambayo Oliva aliisikia mpaka kwenye ulimi.

"Hii ni nusu, bibi."

"Nusu nyingine iko Yaeda Chini, kwa shemeji." Bibi hakumtaja mumewe kwa jina, wake wa huko hawatamki majina ya ukweni. Alimwita mwenye boma. "Mwenye boma alimuua mke mkubwa kwa hii. Wala siyo kwa siku moja."

Nje, ng'ombe walikuwa wakiingia zizini.

"Piga picha yako," bibi alisema. "Na kule Yaeda kapige. Ila usivikutanishe."

"Sitavigusa kabisa. Ni picha tu."

"Picha," bibi alirudia.

Oliva alitimiza ahadi. Alipanda bodaboda mpaka Yaeda Chini kwa njia iliyomvunja kiuno, akapiga picha nusu ya pili bila kuigusa. Na alipoiangalia kwa karibu, damu ilimsisimka.

Fimbo ya mtu hulika pale mkono unaposhika, juu, karibu na kichwa. Hii ilikuwa imelika chini. Karibu kabisa na ncha, mti ulikuwa umelika na kung'aa, na alama za vidole vinne zilikuwa zimezama ndani yake. Mwenye boma hakuwahi kuitembelea fimbo yake. Maisha yake yote aliishika kichwa chini, rungu likiwa upande wa watu.

Mtu mwingine angeogopa akarudi nyumbani. Oliva alifurahi, Mungu amsamehe. Alijua amempata Sulle.

Kosa alilofanya lilikuwa kosa la fundi wa vitu. Fundi wa aina yake akiona kitu kimevunjika, mkono unamuwasha kukiunga. Aliweka picha mbili mezani, akachukua kipande cha mti wa loliondo, akachonga fimbo nzima yenye urefu wa kalamu. Hakusahau chochote. Alitia ufa wa kwenye rungu, alama za vidole vinne, mpaka weusi wa samli. Pale katikati ambapo fimbo ya kweli ilikatika mshazari, alipitisha msasa mpaka pakawa laini.

Alipomaliza, chumba kilinuka chuma.

Bona alikiwekea kikaragosi cha Sulle ile fimbo mkononi. Vidole vya waya vilijikunja.

"Dada, umetia sumaku?"

"Sumaku ya nini?"

Bona alijaribu kuivuta. Haikutoka. Wakacheka, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi na kucheka kulikuwa rahisi.

Siku ile walipiga picha Sulle akitoka nyumbani, anatembea tu, anaegemea fimbo yake. Jioni waliziendesha. Mzee akatoka mlangoni. Akapiga hatua moja, ya pili. Halafu akasimama... akaigeuza fimbo. Akaishika kwenye ncha. Akainua uso wake wa udongo na kutazama moja kwa moja kwenye kamera.

"Bona, hiyo ulipiga saa ngapi?"

"Sijapiga hiyo."

Oliva alizifuta zile picha. Walifunga chumba wakaenda kula, na hakuna aliyemaliza sahani yake.

Asubuhi walikuta kikaragosi cha mke wa Sulle chini ya meza. Kichwa kilikuwa kimepondwa. Siyo kwamba kilianguka. Udongo ulikuwa umebonyezwa mara nyingi, pigo juu ya pigo, mpaka waya wa shingo umejitokeza. Sulle alikuwa amesimama pale pale walipomwacha. Kwenye rungu la fimbo yake kulikuwa na udongo mbichi.

Hapa inabidi kumjua Bonaventura. Huyu alikuwa mtu ambaye nyumbani kwao Bashay, mbuzi wa Krismasi akichinjwa, yeye anajificha nyuma ya ghala mpaka nyama iwe kwenye sufuria. Oliva alimlea mgongoni. Alikuwa akimpenda kuliko kazi, kuliko filamu, kuliko hata hiyo sifa yake ya vitu. Na Bona, kama wafanyavyo wote wa kazi yake, kabla ya kukitembeza kikaragosi alikuwa akiigiza mwendo kwa mwili wake mwenyewe ili aujue. Kwa Sulle alichukua mpini wa fagio, akaenda kufanya mazoezi uani.

Oliva alisikia mlio akiwa jikoni.

Popi, mbwa wao, alilia mara moja tu. Baada ya hapo ilikuwa sauti nyingine, nzito, yenye maji. Oliva alipotoka alimkuta Bona anapiga kitu ambacho hakikuwa tena mbwa. Damu ilikuwa imeruka mpaka kwenye shati lililoanikwa. Bona alikuwa akipiga bila haraka, bila hasira, uso umetulia, na aliushika mpini kwenye ncha kabisa.

"Bona."

Aligeuka. Akautazama mkono wake, akauangusha mpini.

"Dada," alinong'ona. "Sikuwa mimi. Nilikuwa natazama tu."

Alimpeleka ndani, akamfungia mlango kwa kufuli. Halafu akampigia simu Gidahosh, amwambie mama yake azungumze. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulivikutanisha."

"Hapana, bibi. Picha nilizipiga mbali mbali. Ila... nilichonga yangu. Nzima."

Upepo ulivuma kwenye simu.

"Yeye alikuwa anatafuta mahali pa kushika," bibi alisema. "Umempa. Sasa sikiliza. Fimbo hiyo haivunjiki ikiwa imelala mezani. Inavunjwa ikiwa mkononi, na mkono ukiwa umeinuliwa kupiga. Hivyo ndivyo nilivyofanya."

"Na mkono wenyewe, bibi? Unakuwaje?"

Oliva alimsikia akihema kwa lile taya lililopinda.

"Mwenye boma hakuishi baada ya pale. Ila alikuwa mzee. Huyo wako ni kijana."

Simu ikakatika. Oliva alikaa sakafuni. Mkono wa kulia wa Bona ndio uliokuwa ukiwapa wote chakula. Mkono ule ungeweza kufanya kipande cha waya kilie. Alikuwa bado anautafakari aliposikia kufuli linagonga.

Halikuwa likigongwa kwa nje.

Jua lilikuwa linazama, na mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa. Mlango ulipasuka katikati. Bona alitoka na mguu wa meza, msumari ukiwa bado umening'inia kwenye upande wake mnene. Aliushika upande mwembamba.

"Bona, ni mimi. Oliva."

Pigo la kwanza lilimpata begani na akasikia mfupa wa mtulinga ukikatika. La pili lilimpata mdomoni. Alianguka, meno yamechanganyika na damu, akatambaa kuelekea chumba cha kazi huku la tatu likimshukia mgongoni na kumtoa pumzi. Nyuma yake hatua zilikuja polepole, za mtu mzima, mzito. Bona alikuwa mwepesi. Hatua zile hazikuwa zake.

Mezani, chini ya taa, Sulle alikuwa ameinua mkono.

Oliva alijivuta kwa kushika mguu wa meza ya kazi. Akapapasa na mkono mzima, akapata koleo la kukatia waya. Juu ya kichwa chake Bona naye aliinua mkono, na kwenye uso wake macho peke yake ndiyo yalikuwa ya Bona. Yalikuwa yanalia.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema kwa mdomo uliovunjika.

Akaibana fimbo katikati, akakaza.

Kijiti cha urefu wa kalamu kilivunjika kwa mlio wa gogo. Na mkono wa Bona, ukiwa juu hewani bila kuguswa na mtu, ulikunjika pale ambapo hakuna kiungo. Mfupa ulitoka kwenye ngozi, umekatika mshazari. Alipiga kelele hadi majirani wakaja na tochi.

Majirani waliambiwa ni wezi. Polisi nao wakaambiwa hivyo hivyo. Oliva, bega likiwa limefungwa, alikipeleka kipande kimoja Mogitu na kingine Yaeda Chini, akavipaka samadi kwa mkono wake mwenyewe. Kile kikaragosi alikichoma, akawaambia watu wa Arusha watafute mtu mwingine. Bona alipelekwa Bashay kwa mama yao akiwa na plasta mpaka kwenye kwapa. Alikuwa mpole kama zamani, na akimwona dada yake na pengo la meno alikuwa akigeukia ukutani.

Miezi ikapita. Oliva alianza kulala vizuri.

Jioni moja mama alipiga simu kutoka Bashay, sauti imejaa furaha. Bona alikuwa ametolewa plasta siku ile.

"Daktari ameshangaa," mama alisema. "Anasema mfupa umeunga vizuri mno, hata kwenye picha huoni ulipokatikia. Vile vipande viwili vimekutana kabisa, kama havikuwahi kuachana."

Oliva alisimama. Chai ilimwagika mezani, hakuifuta.

"Mama, Bona yuko wapi?"

"Yuko hapo uani. Ameniambia anataka kutembea kidogo, akaenda kukata fimbo. Anaichonga tangu mchana, wala hajala."

"Mama, ameishikaje?"

"Ameishikaje kivipi, Oliva? Maswali gani hayo?" Kikasikika kiti kikisogea, mama anachungulia dirishani. "Ameishika huku chini, kwenye ncha. Mtu atatembeaje hivyo? Ngoja nimwambie."

"Mama, usitoke. Funga mlango. Funga sasa hivi."

"Sikusikii, mwanangu, huku kuna upepo," mama alisema. "Halafu subiri kidogo. Ananiita."