Serikali ya Upawa

Katika shule moja ya Ruiru, kati ya reli na mashamba ya kahawa ambayo bado hayajageuzwa ploti, wanafunzi wa Gredi ya Nane walipenda sauti mbili kuliko zote duniani: kengele ya chakula cha mchana, na mlio wa upawa ukigonga ukingo wa sufuria. Kengele ikilia, wavulana wawili walikimbia jikoni, wakaishika sufuria ya githeri kwa masikio yake mawili, mmoja huku na mwingine kule, wakaileta darasani wakitembea kwa heshima kama watu waliombeba bibi harusi. Mwalimu Emmaculate, aliyewafundisha somo la Jamii, alishika upawa na kupakua. Kila mtu alipata mahindi yake, maharagwe yake na kipande cha kiazi. Hakuna aliyenung'unika ila Chege, na Chege alinung'unika kwa mazoea tu.

Kisha wakafika kwenye mada ya demokrasia na kugawana mamlaka. Mwalimu aliuliza demokrasia ni nini, na Kavindu akasimama akakariri jibu zima bila kuvuta pumzi. Darasa likampigia makofi. Dakika chache baadaye kengele ya chakula ililia, na huyo huyo bingwa wa demokrasia akawapiga kumbo wenzake watatu ili awe wa kwanza kwenye foleni. Mwalimu Emmaculate aliona, akatabasamu kidogo, akakaa na wazo lake mpaka Jumatatu.

Jumatatu akawatangazia kwamba Gredi ya Nane itaunda serikali yake. Watampigia kura rais, na rais ndiye atakayeshika upawa. Lakini kulikuwa na sharti. Ikifika Ijumaa ya wiki iliyofuata darasa liwe linajilisha kwa amani. La sivyo, sufuria itabaki jikoni, na kila mwanafunzi wa Gredi ya Nane atachukua sahani yake akapange foleni nyuma ya watoto wa Gredi ya Kwanza. Darasa zima lilisisimkwa. Watoto wa Gredi ya Kwanza hutembea polepole, hulia katikati ya foleni bila sababu, na huwaita wanafunzi wakubwa anko na anti.

Kavindu alijitosa uwanjani siku hiyo hiyo. Familia yao ilikuwa imehamia Ruiru kutoka Ngoliba, mashariki ya Thika, na babake alipenda kusema kwamba mtu wa Ngoliba hashindwi na kitu isipokuwa mvua. Kavindu aliyaamini maneno hayo kuliko babake mwenyewe. Aliahidi viazi kwa wote. Mpinzani wake alikuwa Chege, mchekeshaji wa darasa, mvulana mrefu aliyekuwa mmoja wa wabeba sufuria. Chege aliahidi githeri isiyokuwa na mahindi, na alipoulizwa kama hayo si maharagwe matupu, akasema hilo ni swali la kiufundi, litajibiwa na wataalamu.

Kura zilipohesabiwa, Kavindu alimshinda Chege kwa kura moja. Wafuasi wake walimwinua juu juu, wakazunguka naye darasani, wakamgonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kavindu hakuwa na tembo, alikuwa na githeri, lakini maji aliyatia vilevile.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuteua mawaziri, na wote walitoka upande uliompigia kura. Rafiki yake Tabby akawa naibu wa rais. Eddie akawa Waziri wa Dirisha. Kukawa na Waziri wa Chaki, Waziri wa Ubao, Waziri wa Mlango, na Naibu Waziri wa Mlango, ambaye kazi yake ilikuwa kuufunga ule mlango ambao waziri wake ameufungua. Hata hivyo wafuasi walibaki bila wizara, basi Kavindu akagawa madirisha upya, ya kushoto na ya kulia. Waliompigia kura Chege wakaambiwa kwamba wao ni wananchi wa kawaida, na fagio liko pale pembeni.

Mchana ukaja. Kavindu alishika upawa, akaita baraza la mawaziri lije kwanza. Viazi vyote vikaenda serikalini. Maharagwe yakawafuata. Chege na wenzake walipofika mezani, walipata supu ya githeri, nyekundu na safi, hata ungeweza kuona kitako cha sahani ukahesabu mikwaruzo. Chege aliitazama, akasema maharagwe yamepita hapa kweli, kwani harufu yake bado ipo. Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka.

Mwalimu Emmaculate alikuwa amesimama mlangoni, kati ya waziri na naibu wake.

"Kavindu," aliuliza kwa upole, "aliyeshindwa anakula nini?"

"Atakula mwaka ujao, Mwalimu," Kavindu akajibu, na baraza lake la mawaziri likapasua kicheko. Mwalimu alikumbusha tu kwamba Ijumaa haiko mbali, akaenda zake.

Supu hiyo iliendelea wiki nzima. Jumanne ya wiki ya pili kengele ililia, na sufuria haikuja. Chege na mbebaji mwenzake walikuwa wamekaa kwenye benchi la nyuma, mikono kifuani, wakieleza kwamba wananchi wa kawaida hawana uzoefu wa kubeba mali ya serikali. Fagio nalo lilikuwa pale pembeni kama lilivyowekwa, halijaguswa, na vumbi la darasa lilikuwa limefika kwenye soksi. Kavindu akawageukia mawaziri wake. Eddie alisema wizara yake ni ya dirisha, haihusiani na mambo ya moto. Waziri wa Mlango alisema anaweza kuifungulia sufuria mlango, lakini kuileta si jukumu lake. Mwishowe Kavindu na Tabby wakaenda kuileta wenyewe, wakipumzika kila hatua chache, na githeri ikafika baridi.

Jumatano wakaibeba tena. Tabby alitazama viganja vyake vilivyokuwa vyekundu, kisha akaomba angalau apakue siku moja, kwa kuwa yeye ni naibu. Kavindu akamwambia upawa ni mmoja na rais ni mmoja. Tabby alienda kuketi kwenye benchi la nyuma karibu na Chege, na serikali ikabaki na naibu hewa.

Alhamisi, basi, Kavindu alikwenda jikoni peke yake. Mpishi, Mzee Kitheka, alimtazama akija, akatazama nyuma yake kama kuna mwingine, hakumwona.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Leo niko peke yangu, Mzee."

"Basi sufuria haiendi. Ina masikio mawili, na hayo hayakuwekwa kwa ajili ya urembo. Kamlete mwenzako."

Mzee akaingia stoo kuchukua mahindi ya kesho. Sufuria ilikuwa chini, karibu na mlango, imekalishwa juu ya gunia. Kavindu aliitazama sufuria, akalitazama gunia, na wazo likamjia. Alishika ncha mbili za gunia, akaanza kuliburuta kinyumenyume kuelekea darasani. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Alitoka jikoni, akapita bomba la maji, akawa tayari anatunga hotuba ya kuwaeleza wasaliti wake kwamba serikali yake imeweza bila wao. Hakuona jiwe. Gunia lilikwama, yeye akavuta kwa nguvu za watu wa Ngoliba, na sufuria ikainama taratibu kama mzee anayesujudu, kisha ikalala ubavu. Bahati nzuri githeri ilimwagikia upande wa pili, hakuna aliyeungua. Kuku wa shule walikuja mbio kutoka kila pembe, wakapata viazi bila kupiga kura hata moja.

Gredi ya Nane ilikuwa imejazana madirishani, kushoto na kulia. Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Kisha mmoja akakumbuka kwamba hicho kilikuwa chakula chao, na kicheko kikaisha upesi sana.

Kavindu alimpata Chege kwenye bomba. Chege alikuwa ameinama, anakunywa maji kwa mkono, anakunywa tena, kama mtu anayejaza mtungi. Kavindu alikuwa amekuja kumwambia kwamba haya yote ni makosa yake, na akamwambia, tena kwa sauti ya juu. Chege alijifuta mdomo. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Hujui kitu, Kavindu. Mamangu anauza nguo sokoni Githurai 45, anarudi usiku. Hiyo githeri ndiyo chakula changu mpaka arudi."

"Sasa kama ndiyo chakula chako, mbona ukakataa kuibeba?"

"Kwa sababu sikuwa naila. Nilikuwa nabeba githeri, halafu nakunywa supu. Nikaona kama ni njaa, afadhali ile nimechagua mwenyewe kuliko ile napimiwa na wewe."

Kavindu alikumbuka lile jibu lake la mwaka ujao na jinsi watu walivyocheka. Aibu ilimpanda kuanzia miguuni, ikamfika masikioni, ikakaa huko. Tumbo lake lilikuwa likinguruma, na hiyo ilikuwa njaa ya siku moja tu.

Alirudi darasani, akauweka upawa juu ya meza ya Mwalimu Emmaculate, akasema anajiuzulu. Alitarajia kuhurumiwa kidogo. Mwalimu aliusukuma upawa ukarudi upande wake.

"Ukijiuzulu, utakuwa umemwachia mwingine sufuria. Kesho ni Ijumaa, Kavindu. Nani ataibeba?"

Hakukuwa na njia nyingine. Baada ya masomo Kavindu alimwendea Chege, akamwomba msamaha mbele ya benchi lote la nyuma, jambo lililomuuma kuliko kugongwa kichwa kwenye fremu. Akampa upawa, akasema wagawane kazi. Chege hakuupokea mara moja. Alitaka kujua ni nani atakayemwangalia Kavindu akipakua. Kavindu akasema ni Chege. Na Chege akipakua? Basi ataangaliwa na Kavindu. Na wakielewana wao wawili kula viazi vya watu? Jibu likatoka kwa Tabby, ambaye cheo cha unaibu kilikuwa kimempa muda mwingi wa kufikiri.

"Anayepakua ale mwisho," alisema. "Na mwenzake anayemwangalia pia. Wakimaliza chakula, watajua wenyewe."

Walikubaliana. Atakayepakua siku moja, siku ya pili atamwangalia mwenzake akipakua, na wote wawili hawatapanga foleni. Wakigombana, Tabby ataamua, na Tabby mwenyewe hatashika upawa kamwe. Kufagia kutakuwa kwa zamu, bila kujali nani alimpigia nani kura. Wizara zote zikavunjwa. Waziri wa Mlango alilia kidogo, kisha akagundua kwamba mlango unafunguka hata bila yeye, akanyamaza.

Ijumaa Mzee Kitheka aliwaona wakija, Kavindu upande huu na Chege upande ule, wakibishana kuhusu nani anatembea haraka mno. Walipoiinua sufuria iliinama, kwa sababu Chege alikuwa mrefu na Kavindu mfupi. Githeri ikakimbilia upande wa Kavindu, naye akapiga kelele. Chege akapinda magoti, Kavindu akainua mabega, na sufuria ikakaa sawa. Wakavuka uwanja hivyo, mmoja amejikunja na mwingine amejinyoosha, wakiwapita kuku, ambao walisimama na kungojea ajali nyingine bila mafanikio.

Chege alipakua. Ajabu ya mtu atakayekula mwisho ni kwamba hupakua kwa akili. Hakumjazia rafiki, hakumpunja adui, na kila mara alichungulia ndani ya sufuria kama mwenye duka anayetazama kabati. Eddie, bila wizara yoyote, alipata kiazi. Benchi la nyuma likapata maharagwe, na mmoja wao akayashika kwa kidole ahakikishe ni ya kweli. Wote walipokwisha kula, chini ya sufuria kulibaki ukoko na kiazi kimoja.

Rais na mpinzani wake walikitazama kiazi kile, kisha wakatazamana. Kavindu alikikata kwa ukingo wa upawa, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekata, Chege ndiye aliyechagua kwanza. Hakuna kiazi kilichowahi kukatwa katikati kwa uangalifu kama kile.

Mwalimu Emmaculate aliingia akawakuta wanakwangua ukoko.

"Kavindu, nakuuliza tena. Aliyeshindwa anakula nini?"

"Anakula anachokula aliyeshinda, Mwalimu."

"Na leo aliyeshinda anakula ukoko," Chege akaongeza huku akitafuna.

Darasa likacheka, na mwalimu naye akacheka, kisha akawaambia kwamba sufuria yao haitarudi jikoni. Akaketi kwenye benchi la nyuma, akazungumza nao bila kufungua kitabu. Aliwaambia kwamba kura humchagua wa kushika upawa, lakini haimpi githeri ya watu. Aliyeshinda kwa kura moja amechaguliwa kuwalisha wote, hata yule aliyemnyima kura, na anayeshika mamlaka peke yake ataishia kuyaburuta juu ya gunia. Naye aliyeshindwa, akaendelea huku akimtazama Chege, ana haki ya kupinga na kudai sehemu yake, na pia ana sikio lake la sufuria la kushika.

"Nchi ni nzito kuliko githeri, watoto wangu," alisema. "Cheo ni dhamana. Ukipewa, jifunze kula mwisho."

Alisema hivyo, akachukua sahani yake aliyokuja nayo, akachungulia ndani ya sufuria. Haikuwa na kitu. Kavindu na Chege walitazamana, wakamtazama Tabby, mwamuzi wao. Tabby alifikiri kwa makini, akamwambia mwalimu kwa heshima zote kwamba foleni ilianza kengele ilipolia, na kanuni ni kanuni.